Fahamu: Kwa nini mamba wa Ufilipino anatoweka

Mamba huyu wa maji baridi hapatikani porini kwingine ila Ufilipino, na IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, imemweka miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Zamani aliwindwa kwa ajili ya ngozi. Siku hizi vinamasi vimegeuzwa mashamba ya mpunga, na mitoni watu huvua kwa baruti na umeme, uvuvi unaomaliza chakula chake na kumuua hata yeye. Sheria ya 2001 inakataza kumuua, lakini wengi humchanganya na mamba mkubwa wa maji chumvi, mla watu halisi. Mdogo huyu huponzwa na sifa isiyo yake. Huko San Mariano, kisiwani Luzon, wanavijiji hulinda viota, na watoto wa mamba hulelewa kwanza kabla ya kurudishwa majini.