Kutoka Kakesio Hadi Baharini: Tanga, Bagamoyo au Dar?

Mkazi wa Kakesio, huko Ngorongoro, anayetaka kwenda kuiona bahari mwishoni mwa wiki huondoka nyumbani Alhamisi na kurudi Jumanne. Anayepanga siku mbili atazimaliza zote barabarani. Kabla hajafika kwenye lami ana barabara ya vumbi ya kupita Endulen, kisha lango la Lodoare, ambalo hufungwa saa 12 jioni, ndipo ateremke Karatu. Usafiri wa kipande hicho hauna nauli ya kudumu. Hutegemea siku ya mnada, mvua na gari lililopo, kwa hiyo hesabu za makala haya zinaanzia Karatu. Kwa wanaotoka Endulen, Oldeani au Karatu kwenyewe hesabu ni ile ile, ila siku zinapungua.

Mtu wa Seoul, Korea Kusini, hana shida hiyo. Treni ya mwendo kasi humfikisha Busan, mji wa bahari, kwa muda wa saa mbili na nusu hivi. Wengi wakifika huko huogelea na kusali katika safari hiyo hiyo, kwa kuwa hekalu la Kibudha la Haedong Yonggungsa, lililoanzishwa mwaka 1376, limekaa juu ya miamba inayopigwa na mawimbi. Hata sisi tunayo miji ya bahari yenye historia nzito ya imani. Tofauti ni kwamba kwetu safari hulipiwa kwa mbuzi aliyeuzwa mnadani, na anayeuza mbuzi ana haki ya kujua fedha yake itakwenda wapi.

Nauli

Mwishoni mwa 2023 LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ilitangaza nauli kikomo kwa mabasi ya masafa marefu kwenye lami: shilingi 48.47 kwa abiria kwa kilomita kwa daraja la kawaida, na shilingi 67.84 kwa daraja la kati. Kwa viwango hivyo unaweza kupiga hesabu mwenyewe kabla ya kukutana na wakala wa standi. Kabla ya kusafiri, angalia kama LATRA imetoa viwango vipya, kisha ubadilishe namba tu. Njia ya kukokotoa haibadiliki.

Karatu hadi Arusha ni kama kilomita 140. Arusha hadi Tanga ni kama 435, kupitia Moshi, Korogwe na Segera. Jumla ni 575. Daraja la kawaida linakuja 27,870 kwenda, yaani 55,740 kwenda na kurudi. Daraja la kati ni 78,000 na kidogo.

Anayekwenda Bagamoyo hana haja ya kufika Dar es Salaam kwanza. Basi la Dar likishapita Segera huteremka hadi Msata, na hapo kuna barabara ya lami ya kilomita 64 inayokwenda moja kwa moja Bagamoyo. Arusha hadi Msata ni kama 500. Kwa hiyo Karatu hadi Bagamoyo ni kama 704: shilingi 34,123 kwenda, 68,246 kwenda na kurudi. Kuna kasoro moja. Mawakala wengi hukata tiketi ya Dar hata kwa abiria anayeshuka Msata. Uliza kabla ya kulipa, na ukisikia "bei ni moja tu", jaribu kampuni ya pili. Baadhi ya madereva hupita Bagamoyo kuingia Dar, na ukimpata huyo hutabadilisha gari kabisa.

Dar es Salaam ni kama kilomita 785 kutoka Karatu, na nauli ya kwenda na kurudi ni 76,098. Ukifika Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis bado bahari iko mbali, na usafiri wa mjini huila fedha kidogo kidogo.

Zanzibar ni nauli ya Dar, juu yake boti kwenda na kurudi, na gesti zinazopangwa bei kwa kuwafikiria watalii. Ni safari nzuri, ila si ya mwishoni mwa wiki kwa anayetoka Kakesio. Mtu aiwekee wiki nzima.

Pa kulala ndipo fedha inapotoka

Watu hubishana juu ya nauli, lakini tofauti ya nauli kati ya Tanga na Bagamoyo ni shilingi 12,500 tu. Tofauti kubwa iko kwenye vitanda.

Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku. Anayekwenda Tanga anaweza kulala Karatu Alhamisi, kufika Arusha Ijumaa, kupanda basi la jioni na kuamkia Tanga Jumamosi. Analala Tanga usiku mmoja, Jumapili jioni anapanda basi la kurudi, Jumatatu analala Karatu, Jumanne anaingia kwake. Vitanda ni vitatu.

Njia ya Bagamoyo haikubali mpango huo. Kushushwa Msata usiku wa manane na mizigo mkononi ni hatari, na usafiri wa kuunganisha hauna uhakika saa hizo. Unalazimika kusafiri mchana Ijumaa, kulala Bagamoyo Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, kisha kuondoka Jumatatu alfajiri. Ukiongeza usiku wa Karatu wa kwenda na wa kurudi, vitanda ni vitano.

Tukitenga 20,000 kwa kitanda cha gesti ya kawaida, 50,000 kwa chakula cha safari nzima na 20,000 kwa bodaboda na viingilio, bajeti ya mtu mmoja kuanzia Karatu inakuwa hivi:

Tanga: nauli 55,740, malazi 60,000, chakula 50,000, mengineyo 20,000. Jumla 185,740.

Bagamoyo: nauli 68,246, malazi 100,000, chakula 50,000, mengineyo 20,000. Jumla 238,246.

Dar es Salaam, kwa mabasi ya usiku, gesti ya 30,000 na usafiri wa mjini: nauli 76,098, malazi 70,000, chakula 60,000, mengineyo 25,000. Jumla 231,098.

Bagamoyo inaonekana ghali kuliko zote. Lakini kwa kikundi cha kwaya, kigango au vijana wa usharika, gharama hiyo inaweza kubadilika kwa karatasi moja tu: barua ya utambulisho kutoka kwa paroko au mchungaji, iliyotumwa mapema kwa parokia au usharika wa huko mnakokwenda. Mkipokewa kwenye ukumbi wa kanisa kwa usiku tatu, kila mtu anaokoa 60,000, na safari inashuka hadi 178,246. Vivyo hivyo kwa Waislamu wenye barua ya msikiti au madrasa wanaokwenda Tanga.

Hapa naomba tuwe waungwana. Ukarimu wa waumini wenzetu nao una gharama. Kuna anayechota maji, anayenunua mkaa na anayeazima mikeka. Kikundi kitakachopokewa kitenge walau theluthi ya fedha iliyookolewa na kuiacha kama sadaka. Hata baada ya kutoa 20,000 kila mmoja, bado mtakuwa mmetumia fedha pungufu sana kuliko gesti, na wageni watakaowafuata watapokewa kwa moyo ule ule.

Basi la abiria au Coaster ya kukodi?

Kwaya nyingi hukimbilia kukodi. Fanyeni hesabu kwanza. Karatu hadi Tanga na kurudi ni kilomita 1,150. Coaster inayokwenda kilomita 6 kwa lita itahitaji lita 192 hivi. Dizeli ikiwa shilingi 2,800, mafuta ni 537,600. Bei halisi ya mwezi wenu mtaipata kwenye tangazo la bei za mafuta la EWURA, ambalo hutolewa Jumatano ya kwanza ya kila mwezi.

Watu 25 wakipanda basi la kawaida watalipa jumla ya 1,393,500. Ukiondoa mafuta, inabaki takribani 856,000. Hiyo ndiyo mipaka yenu mezani: mwenye gari akitaka zaidi ya laki nane na nusu kwa safari nzima, pamoja na posho ya dereva, basi la abiria ni nafuu. Akikubali pungufu ya hapo, kodini, kwa sababu mtapata pia gari la kuzungukia mjini. Hakikisheni ana kibali cha LATRA cha safari ya kukodi na bima ya abiria. Gari lenyewe liwangoje Karatu. Kuliingiza Kakesio kipindi cha masika ni kutafuta kulisukuma.

Fedha inanunua nini?

Tanga inanunua mapumziko. Raskazone unakaa ufukweni bila haraka, samaki wanapatikana kwa bei ya mama lishe, na mji wenyewe unatembeleka kwa baiskeli. Kilomita chache kaskazini yako Mapango ya Amboni, yaliyo chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, ile ile inayosimamia ardhi ya Kakesio. Humo ndani watu bado huacha sadaka za matambiko. Kusini mwa mji, Tongoni, kuna magofu ya msikiti na makaburi ya Waswahili wa kale. Mtu aliyekulia akisikia wazee wa Kimasai wakimwomba Engai, yaani Mungu, chini ya mti ataelewa haraka kwamba haja ya kuwa na mahali pa kusimama mbele za Mungu si ya kabila moja wala dini moja.

Tanga ina sababu nyingine kwa watu wa Ngorongoro. Kuanzia Juni 2022 kaya za huku zilianza kuhamishiwa Msomera, wilaya ya Handeni, mkoa huo huo wa Tanga. Kama una mama, shangazi au rika lako aliyehamia huko, toa siku moja ya ufukweni uende kumjulia hali. Sidhani kuna ibada itakayokuwa na uzito kuliko hiyo katika safari yako nzima.

Bagamoyo inanunua kumbukumbu. Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha hapo misheni ya kwanza ya Kikatoliki katika bara la Afrika Mashariki, na walioijaza mwanzoni walikuwa watumwa waliokombolewa, wengi wao watoto. Watu hawa walikuwa wamepangiwa bei na kununuliwa sokoni. Waliishi chini ya utaratibu mkali wa misheni, walilima, walijenga, na vizazi vya kwanza vya Wakristo wa bara vilitoka kwao. Mnara wa kanisa la zamani bado upo. Usiku wa tarehe 24 Februari 1874 mwili wa mmisionari David Livingstone uliwekwa pale, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo.

Kutoka Bagamoyo shirika hilo lilipanda hadi Kilema, Kilimanjaro, na miaka ya 1960 Padre Vincent Donovan wa shirika hilo hilo alikuwa Loliondo akiwahubiria Wamasai. Kwa hiyo Mkatoliki wa Kakesio anayesimama mbele ya mnara ule yuko kwenye chimbuko la njia iliyoifikisha Injili katika nchi ya kwao, na walioianza walikuwa watu wasio na ng'ombe, wasio na ukoo wa kuwadai, wengi wao wasiojulikana majina. Hilo linapaswa kutunyenyekeza sisi tunaopima heshima ya mtu kwa boma lake.

Kilomita chache kusini, Kaole, kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13. Waislamu walikuwa wamesali pwani hiyo miaka mia sita kabla ya padre wa kwanza kushuka. Kikundi cha kwaya kisikose kufika. Imani iliyokomaa huweza kutembelea nyumba ya jirani na kuvua viatu.

Dar inanunua mji. Coco Beach ni bure, kivuko cha Kigamboni ni shilingi 200, na makanisa ya Mtakatifu Yosefu na Azania Front yanatazama bandari. Kama una ndugu wa kukulaza, Dar ni nafuu. Kama huna, naiweka mwisho.

Wakati wa kwenda

Pasaka huvutia kwa kuwa Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka ni sikukuu, lakini huangukia masika, na nauli ya kutoka kwenu hadi Karatu hupanda kadiri magari yanavyozidi kukwama. Septemba na Oktoba barabara ni kavu, ila mifugo imekonda na bei mnadani imeshuka. Mbuzi ambaye angekupeleka Tanga mwezi Juni atakufikisha nusu ya njia. Nenda Juni. Barabara zimekauka, mifugo bado ina nyama, na shule zimefungwa.

Uamuzi

Mtu mmoja au familia inayotaka kuona bahari na kupumzika: Tanga, kwa basi la usiku. Mwenye jamaa Msomera: Tanga, bila kufikiri mara mbili. Kwaya au kikundi cha imani chenye barua ya utambulisho: Bagamoyo, na itafaa kila shilingi. Mwenye nyumba ya ndugu mjini: Dar.

Kwa yeyote anayefikiria kuuza mbuzi wa ada ya shule ili aende hija, ushauri wangu ni kwamba asiende. Bwana Mungu anayeombwa Bagamoyo ndiye anayesikia kutoka Kakesio, jirani na Laetoli, ambako nyayo za miaka zaidi ya milioni tatu na nusu huwaleta watu kutoka pande zote za dunia. Bahari haikulazimishi uende mwaka huu. Lipa ada kwanza, anza kuweka 15,000 kila mwezi, na Juni itakayokuta akiba imetosha utasafiri ukiwa huna deni la mtu.