Jiwe Mwenye Nyumba, Matumbawe Wapangaji

Huku kwetu Pwani, ukitaja shelisheli watu hufikiria kwanza kile chakula cha kukaanga au kutia nazi, nchi baadaye. Nami nilikuwa hivyo hivyo, mpaka asubuhi niliyojiangusha kinyumenyume kutoka ubavuni mwa boti, mtungi mgongoni, kilomita kadhaa nje ya ufuo wa Beau Vallon, kisiwani Mahé.

Sisi tuliojifunzia kuzamia Mnemba na Pemba tumezoea mwamba uliojijenga wenyewe, matumbawe juu ya mifupa ya wazee wao. Hapa kilichonipokea ni itale, lile jiwe gumu la bara. Majabali ya mviringo, mengine makubwa kama nyumba ya ghorofa, yameegemeana kana kwamba kuna mtu aliyeyapakua usiku akaahidi kurudi kuyapanga.

Visiwa vingi vilivyo katikati ya bahari kuu ni vya volkano au matumbawe. Mahé, Praslin na La Digue ni kipande cha bara kilichobaki nyuma India ilipojitenga na kushika njia ya kaskazini, zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Jiwe lenyewe lina umri wa miaka kama milioni 750. Nilidhani umbo lake la duara ni kazi ya mawimbi. Kumbe ni mvua na jua, maana miaka ipatayo 20,000 iliyopita, maji mengi ya dunia yakiwa yameganda barafu, bahari ilikuwa chini kwa mita kama 120 na visiwa hivi vitatu vilikuwa nchi moja. Vilima nilivyokuwa nikielea juu yake viliwahi kuota miti.

Mahali hapo panaitwa Shark Bank. Papa sikumwona hata mmoja. Niliona taa wakubwa wamelala mchangani, na mizia wamesimama majini kama visu vilivyotundikwa. Kwenye ufa, mkunga alikuwa anafungua na kufumba kinywa huku kamba mdogo akimsafisha meno, bila wasiwasi wowote. Ukuta wa nyuma yake ulikuwa wa kijivu. Nilipouwashia tochi, ukawa mwekundu na rangi ya chungwa, sifongo tupu. Wekundu ndio wa kwanza kumezwa na kina.

Kwenye mtungi mna hewa ya kawaida iliyoshindiliwa, si oksijeni tupu kama sisi waandishi tunavyopenda kusema. Mita 20 chini, mkandamizo ni mara tatu ya ule wa juu, na kila pumzi inakula hewa mara tatu. Geji yangu ilishuka kama luku ya nyumba yenye jiko la umeme. Mwenzangu alibaki na nusu nilipolazimika kupanda, polepole, na kusubiri dakika tatu kwenye mita tano ili naitrojeni itoke mwilini bila kuniletea balaa.

Mchana tulizama tena, karibu na pwani, kwenye maji ya mita nane. Bahari ilikuwa ya tanga mbili, shwari, kaskazi haijaingia na kusi imeshachoka. Hapo ndipo nilipouelewa msiba wa visiwa hivi. Mwaka 1998 bahari ilipata joto, na zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe hai ya visiwa hivi vya itale yakafa. Watafiti walifuatilia miamba 21: 12 ilipona, tisa ikamezwa na mwani. Iliyopona zaidi ni ile ya kina kirefu kidogo, na ile iliyobaki na mashimo na miinuko yake. Mwaka 2016 joto likarudi.

Matumbawe yakifa huvunjika yakawa kokoto, na kokoto hubingirika. Mtoto wa tumbawe hapati pa kushika. Itale halivunjiki. Mpangaji amekufa, nyumba imesimama, na samaki waliendelea kuingia na kutoka nyufani.

Kwenye ubavu wa jabali mojawapo, mwongozaji wetu aliniita kwa kugonga mtungi wake. Palikuwa na tumbawe la waridi, dogo kama kikombe cha kahawa. Akatoa kibao chake akaandika kwa penseli: mwaka juzi, kizibo cha soda. Kisha akalipima kwa vidole, akaandika tena, akarudisha kibao mfukoni.