Yohana Aliyetaka Moto

Wanangu, katika Lizaboni yetu hii, hapa Songea, Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana na Wapentekoste tunapishana njia moja ya sokoni, na watoto wetu wanakaa dawati moja. Sogeeni. Leo sina habari ya sungura na fisi. Nitawasimulia habari ya mtu aliyesali mara mbili juu ya Wasamaria. Mara ya kwanza alitaka wateketee. Mara ya pili aliomba wabarikiwe. Kazi yenu ni kusikiliza mpaka mjue kilichombadilisha.

Jina lake ni Yohana, mwana wa Zebedayo, mvuvi wa Galilaya. Yeye na ndugu yake Yakobo walikuwa wepesi wa kuwaka, hata Yesu mwenyewe akawaita wana wa ngurumo. Siku moja walikuwa safarini pamoja naye kwenda Yerusalemu. Wakatumwa watu kutangulia mbele, wakatafute pa kufikia katika kijiji kimoja cha Wasamaria. Wanakijiji wakakataa katakata. Ugomvi wao na Wayahudi ulikuwa wa miaka mingi: Wayahudi wakisema mahali pa kumwabudu Mungu ni Yerusalemu, Wasamaria wakisema ni mlima Gerizimu. Msafara unaelekea Yerusalemu, halafu Msamaria aukaribishe kwake? Thubutu!

Yakobo na Yohana wakachemka. Wakamwuliza Yesu kama angependa waite moto ushuke kutoka mbinguni, uwamalize wale watu. Mkifika nyumbani fungueni Luka, sura ya 9, mtaikuta habari hiyo.

Haya, niambieni. Ombi lile lilikuwa na kasoro gani? Imani walikuwa nayo, tena tele, maana hawakuwa na shaka kwamba moto ungeshuka. Maandiko waliyajua, kwa kuwa nabii Eliya aliwahi kuita moto ukashuka. Hata adabu walikuwa nayo, waliomba ruhusa kwanza. Lakini Yesu aligeuka akawakemea, wakashika njia kwenda kijiji kingine.

Kasoro ilikuwa moja tu. Waliomba jambo ambalo Yesu hakulitaka, na wala hawakujua kwamba halitaki. Miguu yao ilikuwa karibu naye, lakini moyo wake walikuwa hawajaujua bado.

Tuseme kuna watoto wawili hapa mtaani. Wa kwanza huja kwa mama wa jirani chumvi ikiwaishia kwao. Anabisha hodi, anasimama mlangoni, anapewa, anatimua mbio. Wa pili ni mtoto wa nyumba ile. Anaosha vyombo na mama, anachambua naye mchele, anamsikia akicheka, siku nyingine anamwona akilia. Huyu anajua chunguni kuna nini. Anajua pia ni mgonjwa gani wa mtaani anayepelekewa uji kila asubuhi. Akitaka kitu anaomba, tena bila woga, lakini anaomba akijua nani mwingine atakula.

Yule wa mlangoni hafukuzwi. Yesu hakumfukuza mtu kwa sababu alimjia na shida peke yake. Wale wakoma kumi aliwaponya wote, ingawa aliyerudi kushukuru alikuwa mmoja tu. Na mmoja huyo, wanangu, alikuwa Msamaria.

Siku ile ya moto Yohana alikuwa bado mlangoni. Kilichomwingiza ndani hakikuwa jambo moja la ajabu. Alizidi kukaa na Yesu. Akamsikia akisimulia mfano ambamo mtu mwema ni Msamaria, yule aliyemwokota mtu aliyepigwa na wanyang'anyi. Katika karamu ya mwisho, Injili inamwonyesha mwanafunzi aliyependwa, ambaye Kanisa tangu zamani limemtambua kuwa ni Yohana, akiwa ameegama kifuani pa Yesu. Wengine walipokimbia, yeye alisimama chini ya msalaba. Na pale msalabani Yesu alimwomba Baba awasamehe watu wale wale waliokuwa wakimwua. Hebu fikirini mtu aliyewahi kutaka kijiji kizima kiungue kwa kunyimwa malazi, anasimama mbele ya sala kama ile.

Muda ukapita. Filipo akaenda kuhubiri Samaria, watu wengi wakaamini. Mitume waliokuwa Yerusalemu wakaamua kuwatuma wawili kwenda kuwaona. Walitumwa akina nani? Petro na Yohana! Matendo ya Mitume, sura ya 8, inasema walipofika waliwaombea Wasamaria wampokee Roho Mtakatifu, wakawawekea mikono. Mikono ya Yohana ikagusa vichwa vya watu ambao zamani alitaka wawe majivu.

Najua kuna mtoto hapa anajiuliza: kumbe nikiwa karibu na Yesu nitapewa kila ninachoomba? La. Hakuna aliyekuwa karibu na Baba kuliko Yesu mwenyewe, na usiku ule wa Gethsemane aliomba kikombe cha mateso kimwondokee. Hakikumwondokea. Alichokipata ni nguvu ya kusema mapenzi ya Baba yatimizwe, kisha akainuka kuyakabili. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba mtakatifu ni yule ambaye Mungu humkubalia kila ombi. Wala usiache kuomba. Mvua za Novemba zikichelewa na wazazi wameshaandaa shamba la mahindi, omba mvua. Mtihani wa darasa la saba ukikaribia, omba, na daftari ulifungue. Yesu aliyetufundisha kuomba ufalme wa Mungu uje, alitufundisha pia kuomba mkate wa kila siku.

Sasa turudi kwetu Songea, kwa sababu habari ya Yohana si ya Samaria peke yake.

Mwaka 1898 Wabenedikto kutoka Ujerumani, wakiongozwa na Padre Cassian Spiss, walianzisha misheni ya Peramiho, magharibi mwa mji wetu huu. Baadaye Spiss akawa askofu. Agosti 1905, vita vya Majimaji vilipokuwa vimewaka, alikuwa safarini kutoka pwani kuja Peramiho pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Waliuawa wote watano huko upande wa Liwale. Mwaka huohuo misheni ya Peramiho nayo ilichomwa moto.

Watu hawakupigana bila sababu. Utawala wa Wajerumani ulikuwa umewatwisha kodi, kazi za kulazimishwa na viboko. Na vita vilipowageukia, kisasi kilikuwa kikali. Tarehe 27 Februari 1906, hapa hapa Songea, Wajerumani waliwanyonga mashujaa wa Kingoni zaidi ya 60, wakazikwa katika kaburi la pamoja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji wetu unaitwa kwa jina lake, naye alinyongwa. Mkienda Makumbusho ya Majimaji pale Mahenge, hapa hapa mjini kwetu, mtaliona kaburi hilo, na kila Februari mashujaa hao hukumbukwa. Askari wa Kijerumani walichoma pia mashamba na maghala, ikafuata njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi.

Basi mtoto Mkristo wa Lizaboni amerithi misiba miwili. Imani, kwa wengi wenu, ililetwa na watu waliomlilia Askofu Spiss. Damu, kwa wengi wenu, ni ya watu walionyongwa. Akipiga magoti, amwombee nani?

Anayesali kutoka mlangoni ataombea upande wake, tena pengine atataka moto uwashukie wa upande wa pili. Anayekaa ndani na Yesu anawaona wote wawili, maana Yesu aliwafia wote. Atamwombea askofu aliyeuawa njiani na atamwombea shujaa aliyenyongwa. Wala hiyo haimaanishi kwamba atasema uongo kuhusu nani alimwonea nani. Kumwombea mtu si kumwambia kwamba alifanya vema. Ni kukubali kwamba Mungu anamtaka aokoke, hata kama wewe ungependa aangamie.

Ni vigumu? Sana. Ndiyo maana ninapenda kuwakumbusha Zaburi. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa karne ya 6, inawaagiza wamonaki wamalize Zaburi zote 150 kila juma, na Peramiho mpaka leo kuna wamonaki wanaofuata Kanuni hiyo. Someni Zaburi muone. Mle ndani mna sifa na shukrani, lakini pia mna mtu anayemlalamikia Mungu kwamba amemsahau, na mtu anayetaka maadui zake wavunjwe meno. Mungu hakuziondoa sala hizo. Anataka hasira yako uilete kwake kama ilivyo, usiende kuimalizia kwa jirani. Aliye karibu hasemi maneno matamu tu. Anasema ukweli, kisha anabaki kusikiliza anachojibiwa.

Nina shahidi mwingine, wa juzijuzi kidogo. Anaitwa Festo Kivengere, mtoto wa Kigezi, Uganda. Uamsho wa Kikristo wa Afrika Mashariki ulipovuma ulimkuta kijana, na miongoni mwa mambo ya kwanza aliyoyafanya baada ya kumpokea Yesu ni kupanda baiskeli, akasafiri mbali kwenda kumwomba radhi Mzungu mmoja ambaye yeye Kivengere alikuwa akimchukia. Baadaye alikuja nchini kwetu kufundisha shule Dodoma kwa miaka kadhaa. Mwaka 1960 mhubiri Mmarekani Billy Graham alipohubiri Tanganyika, aliyesimama kando yake kutafsiri alikuwa huyo Kivengere.

Kivengere akawa askofu wa Kianglikana huko Kigezi wakati Idi Amin anatawala. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum, rafiki yake, aliuawa na utawala ule. Baada ya siku chache Kivengere aliambiwa kwamba na yeye anawindwa. Usiku, yeye na mkewe Mera wakavuka milima kwa miguu mpaka Rwanda.

Alipofika Uingereza alikuwa amepona mwili, lakini moyoni alikuwa na donge. Mwenyewe alisimulia kwamba alijikuta anamchukia Amin, na chuki ile ikawa inakausha sala zake. Ijumaa Kuu mwaka huo alikuwa kanisani London, watu wakitafakari mateso. Akaisikia tena ile sala ya Yesu ya kuwaombea msamaha wauaji wake. Akajiuliza kama Yesu angemtenga Amin katika sala hiyo. Jibu alilijua. Akaomba asamehewe chuki yake, akaanza kumwombea Amin. Mwaka huohuo akatoa kitabu, jina lake *I Love Idi Amin*, kwamba anampenda Idi Amin! Wengi walishangaa, wengine walikasirika. Wala Kivengere hakunyamaza kuhusu mauaji. Aliendelea kuyasema hadharani na kuwasaidia wakimbizi. Lakini alikuwa ameacha kutaka moto.

Mmeona alivyofanana na Yohana? Wote wawili hawakubadilishwa na mahubiri juu ya adui. Walibadilika kwa kukaa mbele ya Yesu anayesali, mpaka wakaanza kutaka anachokitaka yeye.

Nanyi mtakaaje karibu naye? Hapana siri. Soma Injili kidogo kila siku, umtazame Yesu anavyosema na watu, anavyokasirika, anavyowahurumia. Ukimaliza kusali usikurupuke, nyamaza kidogo. Kwenye jumuiya, zamu ya maombi ikifika, sikiliza wakubwa wanavyowataja wagonjwa, wafiwa na walioko safarini, kisha na wewe utaje jina la mtu. Ukimwombea bibi mgonjwa wa mtaa wenu, kesho yake mpitie umchotee maji, maana Yesu alisema anayemtendea mdogo kabisa amemtendea yeye.

Mkifanya hivyo mtaona mambo yakigeuka polepole. Maombi mengine mtaona haya kuyasema. Mtoto aliyezoea kuomba awe wa kwanza darasani ataanza kumkumbuka na mwenzake asiye na kalamu. Majina yataongezeka katika sala zako, na moja kati ya hayo litakuwa la mtu usiyempenda. Hapo ujue umeshaingia ndani.

Basi usiku wa leo, kabla hujalala, mwombe Yesu shida zako zote, usimfiche hata moja. Halafu mtaje mmoja tu ambaye ungependa ashukiwe na moto: aliyekuchongea kwa mwalimu, aliyekuibia, au ndugu mliyenuniana. Mwombee mema. Ulimi ukiwa mzito, mwambie Yesu hivyohivyo kwamba ulimi ni mzito, na kesho ujaribu tena.