Je, Wajua? Programu ya Karakana ya Makabati Huchaguliwa Kuanzia Kwenye Msumeno

Muuzaji wa programu za makabati huanza na picha: jiko limepangika, taa zinawaka chini ya makabati ya juu, marumaru inang'aa. Picha hiyo humvuta mteja, na si kitu cha kudharau. Lakini faida ya karakana hupatikana au hupotea kwenye bodi iliyokatwa. Anzia kwenye mashine uliyonayo, rudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye picha, na programu inayokufaa itajitenga yenyewe na zisizokufaa.

HESABU YA BODI

Je, wajua kwamba hesabu ya kupangilia vipande kwenye bodi ina undugu na Tuzo ya Nobel? Mwishoni mwa miaka ya 1930, mwanahisabati Leonid Kantorovich wa Leningrad aliletewa swali na maabara ya shirika la plywood: mashine zigawiwe kazi vipi ili zitoe mazao mengi zaidi? Jibu lake lilizaa kitabu cha mwaka 1939, ambacho kiligusa pia namna ya kukata malighafi kwa mabaki machache. Mwaka 1975 alipewa Nobel ya Uchumi pamoja na Tjalling Koopmans.

Je, wajua kwamba programu mbili zikipewa orodha ile ile ya vipande zinaweza kutumia idadi tofauti ya bodi? Vipande vikiwa vingi, haijulikani njia ya haraka ya kuhakikisha kwamba mpangilio uliopatikana ndio bora kuliko yote. Kila programu ina mbinu zake za kutafuta mpangilio mzuri. Kwa hiyo usisome matangazo. Chukua orodha ya kazi uliyokwisha kuikabidhi, iingize kwenye kila programu unayoifikiria, kisha hesabu bodi.

Je, wajua kwamba bodi moja ya mm 2440 × 1220 hutoa mbavu sita za kabati la chini zenye mm 720 × 560? Panga 720 mara tatu kwa urefu na 560 mara mbili kwa upana. Msumeno ukila mm 4 kila unapopita, upande mmoja unabaki ukanda wa mm 92 na upande mwingine mm 268. Ule wa 92 unatosha fito za mbele za mm 90. Wa 268 unatoa nyuso za droo. Programu nzuri huyaona hayo kabla mashine haijawashwa, na huyaandika mabaki ili kazi ijayo ianzie hapo. Mali bila daftari huisha bila habari.

Je, wajua kwamba msumeno na CNC, yaani mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, haviwezi kila mara kufuata mpangilio mmoja? Msumeno wa meza ya kuteleza, uliobuniwa na Mjerumani Wilhelm Altendorf mwaka 1906, hukata bodi kutoka ukingo hadi ukingo. CNC huingiza kichongeo popote, ikazunguka kipande na kutoka. Mpangilio uliochorwa kwa ajili ya CNC unaweza kuwa hauwezekani kabisa kwenye msumeno. Kama karakana yako ina msumeno tu, hakikisha programu inakuruhusu kuchagua ukataji wa ukingo hadi ukingo.

Je, wajua kwamba nyuzi za mbao zinaweza kukuongezea bodi nzima? Bodi nyeupe tupu unaweza kuigeuza upendavyo. Bodi yenye michirizi ya mninga haigeuziki: mlango mmoja ukisimama na jirani yake akilala, mteja ataliona hilo kabla hujamaliza kufunga bawaba. Programu isiyo na sehemu ya kuzuia kipande kisigeuzwe haifai kazi ya kuagizwa.

KIPIMO

Je, wajua kwamba mm 2 za unene zinatosha kuharibu jiko zima? Kabati la upana wa mm 600 likitengenezwa kwa bodi ya mm 18, sakafu yake hukatwa 564. Duka likiwa na bodi za mm 16 tu siku hiyo, sakafu inatakiwa iwe 568. Ukikata 564 ile ile, kabati linatoka na upana wa 596, na makabati matano yakipangwa mstari mmoja yanaacha pengo la mm 20. Programu iliyoundwa kwa ajili ya makabati hukuacha ubadilishe unene mahali pamoja, na kila kipande kikajirekebisha. Huu uwe mtihani wako wa kwanza mbele ya muuzaji: mwambie abadilishe 18 iwe 16, kisha angalia orodha ya vipande.

Je, wajua kwamba mlango wa mm 700 × 400 haukatwi 700 × 400? Ukizungushiwa ukanda wa PVC wa mm 2 pande zote, hukatwa 696 × 396. Kwa ukanda wa mm 0.4, hukatwa 699.2 × 399.2. Tena baadhi ya mashine za kubandika ukanda hunyoa ukingo kwanza ili uwe safi, na kiasi kinachonyolewa lazima kiongezwe kwenye kipimo cha kukata. Uliza kama programu inafanya hesabu hiyo, au inakuachia wewe na kikokotoo cha simu.

Je, wajua kwamba bodi ya "nane kwa nne" si futi nane kamili? Tangu mwaka 1959 inchi ni mm 25.4 barabara, hivyo futi 8 ni mm 2438.4, ilhali bodi inauzwa 2440. Na "robo tatu" ya inchi ni mm 19.05, si 18. Ukichonga mfereji wa robo tatu ili uingize rafu ya mm 18, rafu itacheza. Fundi anayechanganya inchi na milimita kwenye kazi moja anahitaji programu inayoonyesha vipimo vyote viwili bila kukosea.

Je, wajua kwamba maktaba ya programu huja na bodi za nchi ilikotengenezwa? Ulaya bodi nyingi ni mm 2800 × 2070. Za Afrika Kusini hupatikana kwa 2750 × 1830. Futa zisizouzwa mjini kwako, weka zinazouzwa, na weka bei zake. Usipofanya hivyo, makadirio yote utakayompa mteja yatakuwa ya soko la watu wengine.

Je, wajua kwamba hakuna programu inayoujua ukuta wa mteja? Pembe huchorwa digrii 90 mpaka wewe useme vinginevyo. Pima sm 60 ukuta mmoja, sm 80 ukuta wa pili. Mshazari usipokuwa sm 100 kamili, kona haiko sawa. Ingiza pembe halisi, au acha kipande cha kuzibia pembeni utakachokiranda palepale.

MATUNDU

Je, wajua kwamba makabati mengi ya kisasa duniani yanafuata namba 32? Mfumo huu ulienea kutoka Ujerumani baada ya Vita Kuu ya Pili: matundu ya mm 5, yanayoachana mm 32 kutoka kitovu hadi kitovu, na mstari wa mbele ukiwa mm 37 kutoka ukingoni. Msingi wa bawaba, reli za droo na vishikizo vya rafu vinaweza kukaa kwenye mstari huo huo.

Je, wajua kwamba kikombe cha bawaba ya kabati kwa kawaida huhitaji tundu la mm 35? Programu inayoijua bawaba unayoinunua itaweka tundu mlangoni na matundu ya msingi wake ubavuni kwa pamoja, na ukihamisha bawaba moja yote yatahama. Programu ya kuchora tu itakuachia keekee na penseli.

MASHINE

Je, wajua kwamba CNC ilianzia kwenye ndege, si kwenye samani? John Parsons wa Michigan, Marekani, alikuwa akitafuta njia ya kutengeneza mapanga ya helikopta kwa usahihi. Mwaka 1952, chuo cha MIT, alichokuwa amekishirikisha, kilionyesha hadharani mashine ya kuchonga iliyoongozwa na utepe wa karatasi wenye matundu.

Je, wajua kwamba amri za CNC unaweza kuzisoma mwenyewe? G0 ni kwenda upesi bila kukata, G1 ni kukata kwa mstari mnyoofu, G2 na G3 ni kukata kwa duara. M3 huwasha kichwa cha kuchonga, M5 hukizima. G21 ni milimita, G20 ni inchi. Herufi moja na tarakimu mbili tu, lakini zikikosewa, namba ileile inageuka mara 25.4.

Je, wajua kwamba mashine nyingi zina lahaja zao? Mashine za Homag hutumia programu ya woodWOP na faili za MPR. Biesse na SCM za Italia zina za kwao. Kati ya mchoro na mashine hukaa kitafsiri kinachogeuza kazi iwe katika lahaja hiyo. Programu inaweza kuwa nzuri ajabu, lakini ikikosa kitafsiri cha mashine yako, umenunua picha.

Je, wajua kwamba huhitaji CNC ili unufaike? Wauzaji wa bodi katika miji mikubwa kama Dar es Salaam na Nairobi hukata na kubandika ukanda kwa malipo. Karakana ndogo ya Keko au ya kandokando ya Ngong Road inahitaji kitu kimoja tu kwa kuanzia: orodha safi ya vipande, katika muundo ambao duka hilo linaupokea. Waulize dukani kwanza, nunua programu baadaye.

FEDHA NA LESENI

Je, wajua kwamba zipo njia za kuanza bila kulipa? FreeCAD ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Toleo la 1.0 lilitoka Novemba 2024, na ina sehemu ya kuandaa kazi za CNC. OpenCutList, iliyotoka kwenye jumuiya ya mafundi mbao wa Ufaransa iitwayo L'Air du Bois, huongezwa ndani ya SketchUp na kutoa orodha ya vipande na michoro ya kukata. Lakini SketchUp ya bure ya kwenye kivinjari haipokei nyongeza kama hizo. Unahitaji ile inayowekwa kwenye kompyuta.

Je, wajua kwamba "bure" ina mipaka? Leseni ya bure ya Fusion ya Autodesk ni ya matumizi binafsi, si ya biashara. Soma masharti kabla ya kumtengenezea mteja kitu.

Je, wajua kwamba leseni ya kununua mara moja inazidi kuadimika? Autodesk iliacha kuuza leseni mpya za kudumu za programu zake mwaka 2016, na SketchUp ikafuata mwaka 2020. Ukilipa kwa mwezi au kwa mwaka, usipolipa mlango unafungwa. Kila kazi ikikamilika, hifadhi nakala ya DXF na PDF, ili mteja akirudi baada ya miaka mitano kutaka mlango mmoja, mchoro wake ufunguke.

KABLA HUJALIPA

Mpe muuzaji kazi yako halisi, uliyokwisha kuifunga, umwombe haya matano:

1. Aingize bodi za dukani kwako, kwa ukubwa na bei zake.
2. Abadilishe unene wa bodi, uone vipande vyote vikibadilika.
3. Atoe orodha ya kukata iliyokwisha kupunguza ukanda wa kingo.
4. Atoe faili, uipeleke kwenye mashine yako au kwa duka linalokukatia.
5. Aseme kwa maandishi nani atakusaidia programu ikikwama, na kwa saa zipi.

Kisha kata kabati moja kwa faili hiyo na uliunge. Likikaa sawa, pembe kwa pembe, bila randa wala nyundo ya ziada, hapo zungumzeni bei.