MSHIPA WA MKONO KUSAIDIA MOYO: TUELEWE KABLA YA KUOGOPA



Tunapochangia mgonjwa anayekwenda Nairobi kupasuliwa moyo, swali moja huleta hofu: "Ugonjwa uko moyoni, mbona daktari akate mkono? Atashika jembe tena kweli?" Tueleze pole pole.

Moyo ni pampu, nao hulishwa na mishipa yake midogo. Mafuta yakiganda ndani ya mishipa hiyo, damu haipiti vizuri, na mtu husikia kifua kikibana akipanda mlima. Ni kama bomba la maji lililoziba. Fundi akishindwa kulizibua, huunganisha bomba jingine lipitishe maji kando. Daktari hufanya vivyo hivyo, na upasuaji huo huitwa baipasi. Bomba la ziada hutoka kwa mgonjwa mwenyewe: kifuani, mguuni au mkononi.

Kwa nini mkono?

Mshipa wa mguuni ni vena, uliozoea damu inayorudi pole pole. Ukiwekwa moyoni, msukumo mkali huuchosha, na baada ya miaka 10 mingi huwa imeziba. Wa mkononi ni ateri: ukuta wake ni mnene, na msukumo imeuzoea. Daktari Alain Carpentier wa Ufaransa aliujaribu miaka ya 1970, lakini ukaachwa kwa sababu ulikuwa ukijikaza na kuziba. Dawa za kuulegeza zikaurudisha miaka ya 1990. Mwaka 2018 watafiti walijumlisha matokeo ya wagonjwa 1,036. Katika miaka 5 hivi, waliowekewa mshipa wa mkono walipata matatizo machache ya moyo kuliko waliowekewa wa mguu. Hata hivyo, ule wa kifuani ndio huchaguliwa kwanza. Wa mkono huufuata.

Je, mkono utakufa?

La. Kiganja hupata damu kwa ateri mbili: moja upande wa kidole gumba, nyingine upande wa kidole kidogo. Ile ya kidole gumba ndiyo hutolewa. Kabla ya hapo daktari hubana zote mbili, kisha huachilia ya kidole kidogo. Kiganja kikirudisha rangi upesi, basi hiyo moja inatosha. Kwa kawaida huchagua mkono usiofanya kazi sana. Ganzi kidogo karibu na gumba yaweza kubaki.

Mgonjwa amwambie daktari:

1. Kama alishapigwa picha ya moyo kwa kutobolewa kwenye kifundo cha mkono. Mshipa huo huenda umeumia.
2. Kama ana ugonjwa wa figo, maanake mishipa ya mkono huenda ikahitajika kwa kusafishia damu.
3. Kama anavuta sigara au anatafuna muguka. Sigara hubana mishipa. Muguka hupandisha presha na mapigo ya moyo.

Tusimwache mgonjwa akatae operesheni kwa uvumi wa sokoni. Aende na mtu wa kumsaidia kuuliza. Naye akirudi nyumbani, tumkumbushe dawa na kupima presha, kwa sababu hata bomba jipya huziba lisipotunzwa.

Ya kujadili kikundini: Ni wangapi kati yetu wamepimwa presha mwaka huu?