Ukoo Kwanza, Kabila Baadaye: Asili ya Wenyeji wa Kilosa na Mikumi

Wakitajwa Wasagara, Wakaguru au Wavidunda, swali linalofuata karibu kila mara ni hili: hao walitoka wapi? Vitabu vya shule vimetuzoesha kulijibu kwa mshale kwenye ramani, mmoja kwa kila kabila, unaoanzia mbali na kuishia pale kabila lilipo leo. Kwa wenyeji wa Kilosa na Mikumi mshale wa namna hiyo hauchoreki. Jamii za milima ya Ukaguru, Rubeho na Vidunda, pamoja na mabonde ya Mkondoa na Ruaha, hazikuunganishwa na asili moja wala na mtawala mmoja. Zimeshikamana kwa mambo matatu: ukoo unaofuata upande wa mama, ardhi inayotunzwa na ukoo uliotangulia kufika, na utani unaowabana watu wa koo mbalimbali katika wajibu. Majina ya makabila tunayoyatumia leo yalipata nguvu baadaye, tena kwa mchango mkubwa wa wageni. Anayetaka kuijua asili ya watu hawa hana budi kuanzia kwenye ukoo, ndipo apande kwenye kabila.

Ushahidi wa kwanza unatoka kwa wenyeji wenyewe. Simulizi za Wakaguru zinataja safari ndefu iliyoishia milimani, lakini msafiri katika simulizi hizo ni ukoo. Kila ukoo una kisa chake cha njiani, na kisa hicho ndicho kinachoeleza jina lake na mahali ulipoweka makazi. Koo zenyewe zinakaribia mia moja, na hakuna hata moja inayosimulia historia ya Wakaguru wote kwa niaba ya nyingine. Ushahidi wa pili ni wa lugha. Malcolm Guthrie, aliyeziainisha lugha za Kibantu, alikiweka Kikaguru kundi moja na Kigogo, ilhali Kisagara na Kividunda akavipanga pamoja na Kiluguru, Kizigua na Kizaramo. Ukifuata lugha peke yake, Mkaguru ni jirani wa karibu zaidi wa Mgogo. Ukifuata mila, mpaka unahama: Wagogo wanahesabu ukoo kwa baba, na Wakaguru wanahesabu kwa mama kama Wasagara, Wavidunda, Waluguru, Wanguu na Wazigua. Lugha inaelekeza magharibi, ukoo unaelekeza mashariki. Watu ambao lugha yao na mila zao zinakwenda pande mbili hawawezi kuelezwa kwa chimbuko moja. Ni watu waliokutana, wakaoana, wakaazimana.

Mila hiyo ya upande wa mama ndiyo kiini cha utambulisho wao, na inahitaji kuelezwa kwa uangalifu kwa sababu mara nyingi hueleweka vibaya. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mwanamume akifa, cheo chake katika ukoo hakiendi kwa mwanawe, kwa kuwa mwanawe ni wa ukoo mwingine. Kinakwenda kwa ndugu yake wa tumbo moja au kwa mpwa wake, mtoto wa dada. Ndiyo maana mjomba ni mtu mzito katika maisha ya kijana: ana sauti katika mahari, katika kesi, katika posa na katika msiba. Wapo wanaosikia haya wakahitimisha kwamba huku wanawake ndio wanaotawala. Sivyo. Wasemaji wa ukoo kwa kawaida wamekuwa wajomba, na wanaume hawakukosa mamlaka. Ila mamlaka hayo yanapita kwa wanawake, na ukoo hauendelei bila binti. Ukoo uliobaki na wana wa kiume watupu umekwisha, hata kama wana hao ni kumi na wote wana watoto.

Wala baba si mpita njia. Mwanaanthropolojia T. O. Beidelman, aliyeanza utafiti wake Ukaguru mwishoni mwa miaka ya 1950, alionyesha jinsi Wakaguru walivyoupanga ulimwengu kwa mkono wa kulia na wa kushoto: kulia ni upande wa mwanamume na wa baba, kushoto ni upande wa mwanamke na wa mama. Damu ya mtu inatoka kwa mama, mifupa inatoka kwa baba. Mpango huo ulifika hadi kaburini, ambako mwanamume alilazwa kwa ubavu wa kulia na mwanamke kwa ubavu wa kushoto. Kwa hiyo kila mtu anabeba pande mbili mwilini mwake, ingawa anahesabiwa kwa upande mmoja. Jando na unyago ndipo mafundisho haya yalipokabidhiwa kwa kijana na kwa mwali, kwa nyimbo na mafumbo. Hata mwana hiti, kinyago kidogo cha mti kilichohusishwa na mwali na uzazi, kinajulikana kutoka Uzaramo hadi milima ya Ukaguru. Kinyago hicho hakikusimama kwenye mpaka wa kabila lolote, na hilo ni fundisho kwa anayetafuta mipaka.

Nguzo ya pili ni ardhi. Kila nchi ndogo, yaani bonde na vilima vyake, ilikuwa na ukoo uliohesabiwa kuwa wenyeji wake kwa sababu ulitangulia kufika. Koo nyingine zilikaribishwa, zikapewa mashamba, zikaoa na kuolewa. Zilichokosa ni haki ya kufanya tambiko la nchi. Mvua ikichelewa, au kabla ya kupanda, ni wenyeji waliosafisha makaburi ya wahenga wao na kuwapelekea pombe na unga ili wasisahau watu wao. Mizimu hiyo haikufikiriwa kuwa mbali. Wakaguru walisema mtoto anapozaliwa huku, kule kwa mizimu wana msiba, kwani wamepungukiwa na mtu. Na mtu anapokufa huku, kule wanafurahi kumpokea. Anayefikiri hivyo hawezi kuiona ardhi kuwa mali ya kuuza. Ardhi ni mahali ambapo waliokufa na ambao hawajazaliwa wana haki sawa na wanaolima leo, na mkuu wa ukoo ni mtunzaji tu.

Hapa ndipo kisa cha Mangungo kinapopaswa kusomwa upya. Tarehe 29 Novemba 1884, huko Msowero, ambayo leo imo katika Wilaya ya Kilosa, Mjerumani Carl Peters alipata alama ya Mangungo, mkuu wa hapo, kwenye karatasi ya Kijerumani iliyodai kumpa nchi. Kwa karatasi hiyo na nyingine alizokusanya ndani ya wiki chache Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, Peters alirudi Ulaya, na tarehe 27 Februari 1885 Kaizari Wilhelm wa Kwanza akaipa kampuni yake hati ya ulinzi. Tangu hapo jina la Mangungo limekuwa tusi la kisiasa nchini: mkataba mbovu wowote, uwe wa madini au wa bandari, huitwa mkataba wa Mangungo. Hukumu hiyo inamwonea. Karatasi ilimwita sultani, na Usagara haikuwa na sultani. Hata kama angeielewa kila herufi, asingeweza kuuza alichokuwa hana, kwa kuwa nchi ya Msowero ilikuwa ya ukoo na wafu wake, na nchi ya bonde la pili ilikuwa ya ukoo mwingine kabisa. Udanganyifu wa Peters haukuishia kwenye lugha ya hati. Alibuni mfalme na ufalme ili apate mtu wa kumsainia.

Jina lenyewe la Usagara lilikuwa limekwisha kupanuka kabla ya hapo. Njia ya misafara kutoka pwani kwenda Unyanyembe na Ujiji ilipita katika milima hii. Wasafiri Burton na Speke waliipitia mwaka 1857, Stanley mwaka 1871. Kwa wasafiri na wapagazi, Usagara ilikuwa milima yote kati ya mbuga ya Mkata na nchi ya Wagogo. Mamboya, ambako leo kila mwenyeji atakwambia ni Ukaguru, ilihesabiwa na wamisionari wa Kianglikana kuwa Usagara. Lakini mmoja wao, J. T. Last, alichapisha mwaka 1886 kitabu cha sarufi na akaiita lugha ya watu wa hapo Kikaguru. Muongo ule ule, mahali pale pale, majina mawili. Waingereza walipoleta utawala wa wenyeji katika miaka ya 1920 walihitaji kabila moja lenye mtemi mmoja, na Ukaguru ukapata mkuu wake Mamboya. Koo ambazo hazikuwahi kutawaliwa na ukoo wa mkuu huyo zikajikuta chini ya baraza lake.

Msomaji anaweza kuuliza: je, tuseme basi Ukaguru na Usagara ni uzushi wa wakoloni? Hapana, na hapa wapo wanaopitiliza. Jina likishatolewa, watu hulitumia kwa haja zao. Katika miaka ya 1950 vijana waliosoma shule za misheni walianzisha Chama cha Wanafunzi wa Ukaguru, na sambamba nacho likaibuka vuguvugu la Umwano, lililowakusanya Wakaguru dhidi ya wizi wa mifugo na dhidi ya jirani zao wafugaji wa Kiparakuyo, wanaoitwa pia Wakwavi. Hapo watu wa koo nyingi walisema kwa mara ya kwanza kwa sauti moja kwamba wao ni Wakaguru. Utambulisho huo ni wa kweli, kwa sababu wenyewe waliufanyia kazi. Lakini ni mpya kuliko ukoo, na serikali huru ilipofuta utemi mwaka 1963, mabaraza yalikwisha na koo zikabaki.

Nguzo ya tatu, utani, ndiyo iliyoziunganisha koo hizi bila mtemi. Inaonekana vizuri zaidi msibani. Wafiwa wamekaa chini wamejiinamia, mara mtani anaingia na maneno ambayo mtu mwingine akiyatamka atapigwa. Anamsema marehemu kwa uchoyo wake, anajilaza njiani kuzuia jeneza, anadai apewe chochote ndipo aruhusu mwili utoke. Watu wanacheka huku wanalia. Kwa desturi ni mtani huyo huyo aliyefanya kazi ambazo ndugu hawakuziweza: kunyoa wafiwa, kuondoa unajisi wa kifo, kuwarudisha watu katika maisha ya kawaida, na akapewa haki yake katika mali ya marehemu. Ukoo, kwa maneno mengine, hauwezi kuzika mtu wake peke yake. Unamhitaji mtu wa nje. Hii ni sheria ya ujirani iliyovaa nguo za mzaha.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba haya yote yamepitwa na wakati. Uislamu na Ukristo vimeingia vijijini, na vyote vinampa baba nafasi ya kwanza. Sheria za mila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 zilifuata jamii za upande wa baba. Vijiji vya ujamaa viliwachanganya wenyeji na waalikwa, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeikabidhi ardhi halmashauri ya kijiji. Reli na mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa yalileta vibarua kutoka pande nyingi za nchi. Mikumi ina hifadhi ya taifa tangu 1964 na barabara kuu ya kwenda Zambia, na mji wake ni wa watu wa kila kabila. Yote ni kweli. Hata hivyo, kilichopungua zaidi ni mamlaka ya mjomba juu ya mali. Kanuni ya nani amzike nani na nani amtanie nani haikuathirika sana, kwa kuwa haihitaji ardhi wala cheo. Tena ndiyo kanuni iliyokuwa tayari kumpokea mgeni, kwa sababu tangu mwanzo ilitungwa kwa ajili ya watu wasio na asili moja.

Mpaka wa kanuni hiyo pia uko wazi, na haifai kuuficha. Mwezi Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika mapigano kati ya wakulima na wafugaji. Chanzo kilikuwa maji, malisho, mashamba na utawala mbovu wa ardhi, si tofauti ya mila peke yake. Lakini kati ya pande mbili zile hapakuwa na wajomba wa pamoja wala watani wa kuingia katikati na kusema lisilosemeka. Jamii ilifanikiwa kufunga undugu na kila aliyeingia katika mtandao wa ndoa na mazishi. Aliyebaki nje alibaki nje.

Kwa hiyo anayeandika historia ya wilaya hii, awe mwalimu, afisa utamaduni au mwanafunzi wa chuo, aache kuuliza Wasagara walitoka wapi kana kwamba walikuja kwa basi moja. Aende Msowero, Mamboya, Malolo na Vidunda na daftari, aulize kila familia maswali matatu: ukoo wa mama yako ni upi, nchi hii ni ya wenyeji gani, na mtani wako ni nani. Majibu ya maswali hayo yakikusanywa bonde kwa bonde, tutakuwa na historia ambayo wenyeji wenyewe wataitambua kuwa ni yao.