Ukaguzi wa Malori Barabarani: Stakabadhi ya Ushuru Si Uthibitisho wa Breki

Msimu wa kahawa unapofunguliwa, malori huongezeka katika barabara za Karagwe na Kyerwa, yakibeba magunia kutoka vyama vya msingi na baadaye kuteremka kwenda Bukoba kupitia Kyaka. Huongezeka pia mahali ambapo dereva husimamishwa, na hapo ndipo mkanganyiko huanza.

Kizuizi cha ushuru wa mazao ni cha Halmashauri na kinahusu mzigo. Ukaguzi wa usalama hufanywa na Kikosi cha Usalama Barabarani cha Jeshi la Polisi kwa mujibu wa Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168. Unahusu gari na dereva wake. Uzito hupimwa kwenye mizani ya TANROADS, ambako sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka ukomo wa tani 56, gari pamoja na shehena, kwa kutegemea idadi ya ekseli.

Linalostahili maelezo zaidi ni breki. Malori makubwa hufunga breki kwa nguvu ya upepo. Mkaguzi humtaka dereva azime injini, akanyage pedali na kuishikilia. Kisha husikiliza iwapo upepo unavuja na kutazama kama mshale wa geji unashuka. Uvujaji mdogo hautambuliki kwa urahisi katika tambarare. Hudhihirika kwenye mteremko, lori likiwa limejaa na dereva akikanyaga mfululizo hadi breki zinashika moto na kupoteza nguvu. Ndiyo sababu gia hushushwa kabla ya kuanza mteremko, si katikati yake.

Matairi, taa na leseni hukaguliwa kwa dakika chache. Agizo lisilopendwa ni la kuwashusha watu walioketi juu ya mzigo. Ni kweli kwamba usafiri wa siku ya gulio ni wa taabu, lakini juu ya mikungu ya ndizi hakuna pa kujishikilia lori linapokata kona.

Faini hutolewa kwa hati yenye kumbukumbu namba ya malipo, wala haikabidhiwi askari mkononi. Aidha, kulipa faini hakulirudishi barabarani lori lenye breki mbovu. Hubaki hadi litengenezwe, na kahawa iliyomo hubaki nalo. Ni vema mwenye mzigo aulize hali ya breki kabla gunia la kwanza halijapakiwa.